Mlinzi na Mjuzi: Juu ya Watu Weusi Kujipangia Mali Yao

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kuruzuku na Mwenye kuhesabu. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, aliyefanya biashara ya mali ya watu kabla hajapewa utume, na hata waliomkadhibisha hawakuacha kumwekea amana zao. Ama baad.

Ndugu zetu Waislamu wa mwambao, wako miongoni mwetu wanaodhani kuwa kupanga uchumi ni kazi ya serikali na ya mabwana wa benki, na kwamba darasa kama hili letu lapasa kufundisha tohara na Sala, basi. Wenye dhana hiyo twawaomba waifungue Sura ya Yusuf, waanzie aya ya 43 wafike aya ya 55, na wasome pole pole. Mfalme wa Misri aliota ng'ombe saba wanono wakiliwa na ng'ombe saba waliokonda, na masuke saba mabichi na mengine makavu. Wakubwa wa baraza lake wakaona ni ndoto za ovyo. Aliyeifasiri ni mfungwa, wala hakuifasiri kisha akanyamaza. Alitoa na mpango. Watalima miaka saba mfululizo. Watakachovuna watakiacha katika masuke yake, isipokuwa kidogo cha kula. Kisha itakuja miaka saba ya shida itakayokula akiba ile, ila sehemu watakayoihifadhi. Na baada ya hapo mwaka wa mvua.

Zingatieni lile la kuiacha nafaka katika masuke yake. Hilo si wahyi wa kuogofya watu, ni elimu ya ghala. Mzee wa Kigiriama aliyeweka mahindi yake uchagani juu ya moshi pamoja na maganda yake ajua kwa nini hakuyapukuchua. Basi Mwenyezi Mungu ametutajia katika Kitabu chake kitukufu muda wa mpango, kiasi cha kula, na hata namna ya kuweka nafaka isiliwe na wadudu. Nasi twasema uchumi hauihusu dini!

Kisha tazameni ni nani aliyeupanga. Ni mtu aliyeuzwa kwa dirhamu chache za kuhesabika, akachukuliwa nchi ya ugenini, akatumikishwa, akafungwa bila kosa. Na nchi aliyoiokoa ni Misri, katika hii hii Afrika yetu. Alipoitwa mbele ya mfalme hakuomba zawadi, wala hakuomba nauli ya kurudi kwao. Aliomba awekwe juu ya khazina za nchi, na sababu alizozitoa ni mbili tu: kwamba yeye ni mlinzi, na kwamba yeye ni mjuzi.

Juu ya sifa hizi mbili ndipo tutakapozungumza. Mlinzi asiyekuwa mjuzi huipoteza mali naye ni mtu mwema. Mjuzi asiyekuwa mlinzi huila. Na hapana watu ambao khabari zao zaonyesha jambo hili wazi zaidi kuliko watu weusi waliouzwa kama alivyouzwa Yusuf, wakavushwa bahari ya magharibi, na walipofunguliwa wakajaribu kujipangia mali yao wenyewe. Twataka tuzitazame khabari zao, kisha tuje huku Afrika, kisha tujitazame sisi.

Mwezi wa Machi 1865, vita vya Wamarekani wao kwa wao vikiwa karibu kwisha, Rais Abraham Lincoln alitia sahihi sheria ya kuanzisha benki ya akiba kwa ajili ya watu waliotoka utumwani. Ilijulikana kwa jina la Freedman's Bank. Askari weusi waliweka mishahara yao, wafua nguo wakaweka senti zao, wakulima wakaweka bei ya pamba yao. Benki ilifikia matawi 37, na katika miaka yake tisa zilipita mikononi mwake dola zaidi ya milioni 50. Fikirini: watu ambao juzi walikuwa wenyewe ni mali ya watu, leo wana daftari za akiba mfukoni!

Lakini khazina ile ilikuwa yao kwa jina tu. Wadhamini wa kwanza walikuwa wazungu, na hata walipoongezwa weusi baadaye funguo za mikopo zilibaki pale pale. Sheria ya mwanzo iliagiza fedha ziwekwe katika dhamana za serikali. Mwaka 1870 ikageuzwa, zikaruhusiwa kukopeshwa kwa rehani za ardhi na majumba. Mkuu wa kamati ya fedha alikuwa Henry Cooke, nduguye Jay Cooke, tajiri wa reli, na senti za wafua nguo zikaingizwa katika shughuli za matajiri hao na rafiki zao. Septemba 1873 nyumba ya Jay Cooke ikafilisika. Machi 1874, mambo yameshaharibika, ndipo wakamwendea Frederick Douglass, mtu mkubwa wa watu weusi aliyezaliwa mtumwa, wakampa urais wa benki. Akaikopesha dola 10,000 za mali yake mwenyewe kabla ya kutambua kuwa amekabidhiwa maiti kuizika. Tarehe 29 Juni 1874 ilifungwa, ikidaiwa karibu dola milioni 3 na watu kiasi cha 61,000. Baada ya miaka mingi ya kuzungushwa, karibu nusu yao walipata kiasi cha sehemu tatu katika tano za haki yao. Waliobaki hawakupata kitu.

Wengi katika wale maskini waliamini kuwa serikali ndiyo mdhamini wa fedha zao, maana walimwona Lincoln ametia sahihi na maofisa wa serikali wakiisifu. Kudhani si hati. Na hao wakubwa, waliompa mtu mweusi kiti siku ya mwisho ili lawama impate yeye, mchezo wao huo haujafa. Tumeuona kwingi, na kwetu pia.

Mtu wa pili tutakayemtaja ni Marcus Garvey, na huyu haki yake yataka ipimwe kwa mizani sawa, maana wenye kumsifu humsifu kupita kiasi na wenye kumlaumu humlaumu kama mwizi. Alizaliwa Jamaika mwaka 1887. Mwaka 1914 aliunda chama cha kuwainua watu weusi, na alipohamia New York chama kikaenea Marekani, visiwani, Amerika ya Kati, hata Afrika. Gazeti lake lilifika Kenya. Jomo Kenyatta alimsimulia mwandishi C.L.R. James ya kwamba mwaka 1921 watu wasiojua kusoma walikuwa wakimzunguka mwenye kusoma gazeti lile, akiwasomea mara mbili tatu hata waihifadhi makala, kisha wakatawanyika kwenda kuwahadithia wengine. Basi mtu ambaye maneno yake yalihifadhiwa hivyo na watu wa mbali hakuwa mtu mdogo.

Mwezi wa Juni 1919 Garvey alianzisha kampuni ya meli, Black Star Line. Hisa moja ilikuwa dola 5, na wanunuzi walikuwa watu weusi peke yao: watumishi wa majumbani, wachukuzi, wakata miwa wa Kuba na Panama. Mpango wenyewe ulikuwa mzuri. Aliona kuwa mazao ya visiwa na ya Afrika yachukuliwa kwa meli za wengine, kwa nauli waitakayo wengine, yakauzwa kwa bei waitakayo wengine. Akasema mwenye kutaka biashara yake iwe yake na awe na chombo chake. Sisi watu wa mwambao, ambao babu zetu walikuwa na majahazi yao na kusi na kaskazi zao, ni wa kwanza kuifahamu hoja hii.

Ilikosekana nini? Walinunua meli iitwayo Yarmouth kwa dola 165,000, meli iliyoundwa mwaka 1887, mwaka ule ule aliozaliwa Garvey mwenyewe, ambayo wajuzi waliikadiria kuwa haikufikia hata robo ya thamani hiyo. Baadaye ilidhihirika mahakamani kuwa nahodha aliyeagizwa na kampuni kuikagua alikuwa amepata kwa siri fungu katika udalali wa mauzo yale yale. Twakumbuka hapa khabari ya yule mtu wa kabila la Azd ambaye Mtume, rehema na amani zimshukie, alimtuma kukusanya zaka, akarudi akagawa mafungu mawili: hili lenu, na hili nimepewa mimi zawadi. Mtume alipanda mimbari akauliza, kwa nini asikae nyumbani kwa babake na mamake tuone kama zawadi hiyo itamfuata? Khabari hii imo katika Bukhari na Muslim, nasi twaisoma kila mwaka na hatuisomi kwa ajili ya madalali wetu.

Tuendelee. Mwanzoni mwa 1920 Yarmouth ilipakiwa shehena ya ulevi kwenda Kuba, kwa pupa, kwa sababu sheria ya Marekani ya kukataza ulevi ilikuwa yaanza kufanya kazi. Nauli ilikuwa ndogo na dhamana ilikuwa kubwa. Chombo kikaenda mrama, sehemu ya mzigo ikatupwa baharini, na ikawa khasara juu ya khasara. Juu ya ulevi wenyewe hatuna haja ya kusema. Kampuni ilisimama mwaka 1922. Serikali ya Marekani, iliyokuwa ikimpeleleza Garvey tangu mwanzo na kumtafutia kosa, ikamshika kwa kuuza hisa kwa njia ya posta huku karatasi ya matangazo ikionyesha picha ya meli ambayo kampuni haikuwa imeinunua. Mwaka 1923 alihukumiwa, 1925 akatiwa jela, 1927 akafukuzwa nchini, na 1940 akafa London. Januari 2025 Rais Joe Biden alimpa msamaha, miaka 84 baada ya kufa kwake.

Kwa hakika maadui zake hawakuwa na haki. Walimwandama kwa kuwa aliwaamsha watu. Lakini adui aliutumia mlango alioukuta wazi. Lau hesabu zingekuwa safi, lau meli ingekaguliwa na mjuzi asiye na fungu, lau picha isingepigwa chapa kabla ya meli kununuliwa, wangemshika kwa lipi? Hamasa ilikuwako, ujasiri ulikuwako, na fedha zilikuwako pia, maana maskini walizitoa. Kilichokosekana ni mtu wa daftari.

Na mtu huyo alikuwako, tena katika wakati ule ule, lakini hakuwa na meli wala maandamano, na kwa hivyo jina lake halijulikani huku kwetu. Ni Bibi Maggie Lena Walker, wa mji wa Richmond katika Virginia, aliyezaliwa mwaka 1864. Mamake alikuwa mtumwa, kisha akawa mfua nguo. Bibi huyu alisomesha watoto, akajifunza hesabu za biashara, na tangu ujana wake alikuwa katika chama cha watu weusi kiitwacho St. Luke. Chama hiki wasomaji wetu watakifahamu mara moja: kilikuwa cha kuuguzana na kuzikana. Mtu hutoa senti zake kila mwezi, akiugua husaidiwa, akifa huzikwa kwa heshima.

Mwaka 1899 alipewa ukatibu mkuu wa chama, na khazina aliyoikuta ilikuwa na dola 31 na senti 61, pamoja na madeni ya kiasi cha dola 400. Hakuanza kwa kuahidi meli. Alianza kwa kuzunguka, tawi kwa tawi, kuwahesabu wanachama na kuwalipa wenye madai. Mwaka 1901 aliuweka mpango wake mbele ya mkutano wa chama: gazeti, duka, na benki, vyote vya wanachama wenyewe. Akawaeleza kuwa senti wazitoazo hulala katika benki za watu wasiowakopesha, na kwamba nguo wazivaazo hununuliwa katika maduka yasiyowaajiri binti zao. Gazeti lilitoka mwaka 1902. Na kabla ya kuifungua benki, bibi huyu alikwenda akakaa katika benki ya wazungu ya mji ule akitazama na kujifunza kazi, siku baada ya siku. Hapana aibu kumwendea asiyekupenda ili kuchukua elimu yake. Aibu ni kuifungua benki bila ya kuijua.

Ilifunguliwa Novemba 1903, na siku ya kwanza ziliwekwa dola elfu tisa na ushei. Jina lake lilitaja senti, na senti hasa ndizo ilizozipokea: watoto walipewa visanduku vidogo vya kudundulizia, na mwenye kujaza alikuja nacho mwenyewe mezani kwa karani. Waliokopeshwa ni wanachama waliotaka kununua nyumba. Hata ilipofika mwaka 1920, nyumba zaidi ya 600 za watu weusi zilikuwa zimenunuliwa kwa msaada wa benki ile. Duka alilolifungua mwaka 1905 halikudumu. Wafanyi biashara wa kizungu waliungana, wakawatisha wauzaji wa jumla wasiliuzie bidhaa, na baada ya miaka michache likafungwa. Alilifunga kwa hesabu, wala hakuiacha benki izame pamoja nalo. Mwaka 1930, benki za Marekani zikianguka kwa mamia, aliiunganisha benki yake na nyingine mbili za watu weusi wa mji ule, akawa mwenyekiti wa hiyo mpya hata kufa kwake mwaka 1934. Benki ikabaki mikononi mwa watu weusi mpaka mwaka 2005.

Hapa yuko atakayetuuliza, na ana haki ya kuuliza: je, benki hizi si za riba? Ndiyo, zilikuwa za riba, na riba ni haramu, wala hatukuzitaja ili zifuatwe katika hilo. Nchini Kenya benki zifuatazo sharia zilianza kufunguliwa mwaka 2008, na njia za ushirika wa mudharaba na musharaka zilikuwako kabla ya benki hazijakuwako. Tunalolichukua kwa bibi huyu ni daftari, na kujifunza kabla ya kuanza, na kufunga lisilofaa kabla halijaua linalofaa. Hekima ni kitu cha Muislamu kilichompotea, aikutapo huiokota.

Wala hatutaki mtu afahamu kuwa mlinzi mjuzi hapatwi na msiba. Katika mji wa Tulsa, jimbo la Oklahoma, watu weusi walikuwa na mtaa wao uitwao Greenwood, wenye maduka, mahoteli, madaktari na magazeti yao. Baina ya tarehe 31 Mei na 1 Juni 1921 kundi la wazungu lenye silaha liliuchoma moto, mitaa midogo 35, na waliouawa wakadiriwa kufika hata 300. Makampuni ya bima yakakataa kulipa. Wenyewe waliujenga tena. Basi kuna khasara itokanayo na uzembe wetu, na kuna dhulma itokanayo na wengine, na mwenye akili hazichanganyi: ya pili hatukuwa na uwezo wa kuizuia, ama ya kwanza tutaulizwa.

Sasa tuje Afrika, na mfano tutakaoutoa ni wa jirani zetu wa kaskazini. Mwezi wa Aprili 1911 wa nyuma haukuwa na habari hii. Ni Aprili 2011 ndipo Ethiopia ilipoweka jiwe la msingi la bwawa kubwa katika mto Abay, ambao ndio Nili ya Buluu. Wakopeshaji wakubwa wa dunia walijiweka mbali kwa sababu ya ugomvi na Misri juu ya maji. Katika ugomvi huo hatuhukumu. Wamisri wana khofu yao, na Mto una haki za wote wanaounywa. Tunalotaka kulitazama ni fedha. Sehemu kubwa ilitoka ndani ya nchi: hati za dhamana zilizonunuliwa na watu, na mishahara ya mwezi mzima iliyokatwa kidogo kidogo kwa watumishi wa serikali, na wako waliolalamika kuwa hiari ile haikuwa hiari. Waethiopia walioko ng'ambo nao walinunua. Tarehe 9 Septemba 2025 bwawa lilifunguliwa rasmi, lenye uwezo wa megawati 5,150. Na Kenya imekuwa ikinunua umeme wa Ethiopia tangu mwisho wa 2022, kwa mapatano ya miaka 25.

Ni kazi ya kujivunia. Lakini tazameni zile sifa mbili zilivyotafutwa hata huko. Shirika la kiwanda cha jeshi lilipewa kazi za mitambo ambazo halikuwa na ujuzi nazo. Miaka ikapita, mitambo haikufungwa, na mwaka 2018 shirika likanyang'anywa kazi, na wakubwa wake wakashtakiwa kwa ufisadi. Na lile la ng'ambo: dhamana zile ziliuzwa Marekani kwa watu zaidi ya 3,100 wenye asili ya Ethiopia, kiasi cha dola milioni 5.8, bila kuandikishwa kama sheria ya huko itakavyo. Mwaka 2016 shirika la umeme likakubali kulipa karibu dola milioni 6.5. Karibu miaka mia baada ya Garvey, na mlango ni ule ule: mtoto wa ng'ambo atoa fedha kwa mapenzi ya kwao, na aliyeko nyumbani hakujishughulisha kuuliza sheria ya mahali anapochukulia.

Tumewafikia sisi wenyewe sasa, na hapa ndipo tutakapokaa kidogo.

Fedha walizozileta Kenya ndugu zetu na watoto wetu walioko ng'ambo zilikaribia dola bilioni 5 mwaka 2024. Humo mna za kijana wetu alindaye lango Doha, na za binti yetu atumikiaye nyumba ya watu Jeddah, naye pengine hakulala vizuri mwaka mzima. Na njiani zakatwa: Benki ya Dunia ilipata mwaka 2023 kuwa kupeleka fedha katika nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara kwagharimu kiasi cha dola 8 katika kila 100. Zikifika, zaenda wapi? Twajua zaendako, maana sisi ndio tunaozipokea. Zalipa chakula na dawa na ada za skuli, na hilo ni wajibu. Zinazobakia zaingia katika arusi ya siku saba, katika kupaka rangi nyumba ambayo haijalipiwa ardhi yake, na katika kumkopesha mjomba ambaye kila mtu ajua halipi. Binti arudi baada ya miaka sita, akauliza ana nini, aambiwe: mwanangu, tumekula. Je, huyu hakumpanda ng'ombe mnono akaliwa na ng'ombe waliokonda?

Lakini hatukukosa vyombo. Mama zetu wana mchezo, ambao wengine wauita upatu, na katika mchezo wa mama zetu ni nadra kusikia fedha zimepotea, kwa sababu kila mmoja ajua zamu ya mwenziwe na kila mmoja ashuhudia. Tuna vyama vya kuzikana vya mitaa, sawa na St. Luke ile. Tuna wakfu. Tatizo letu ni kuwa chombo kikikua kidogo tu, chatoka katika mashahidi chaingia katika mfuko wa mtu mmoja. Mweka khazina huwa ni mzee mwaminifu. Twakubali, ni mwaminifu. Lakini hesabu zimo kichwani mwake, na siku atakapokufa, Mungu amrehemu, hesabu zitazikwa naye. Hapo warithi wasema duka ni lao, na msikiti wasema duka ni la wakfu, na hapana karatasi. Aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, imetuamrisha kuandika deni, dogo na kubwa, mpaka muda wake, na kuweka mashahidi. Haikusema muandike mkiwa hamuaminiani. Imeamrisha hivyo kwa waumini.

Na wako wanaosema: subirini, atakuja mfadhili kutoka Arabuni. Wafadhili wamekuja na kheri zao Mungu azipokee. Lakini mfadhili ajapo hujenga akitakacho yeye, mahali apatakapo yeye, na akiondoka pampu ya kisima yaharibika na hapana aliyewekewa fungu la kuitengeneza. Abdurrahman bin Auf alipohamia Madina akiwa hana kitu, nduguye wa Kiansari alimpa nusu ya mali yake. Alimwombea baraka, kisha akaomba aonyeshwe soko.

Twaona basi, na rai yetu ni hii, kuwa kila chama cha kuzikana na kila kamati ya msikiti katika mji wetu iwe na watu wawili mbali mbali: mmoja ashike fedha na mwingine ashike daftari, wasiwe ndugu wala mtu na mkwewe. Daftari lisomwe hadharani kila miezi mitatu. Vijana wetu wengi wamesomea uhasibu na wamekaa barazani wakingoja kazi. Wapewe kazi hii, na walipwe, maana ujuzi wa bure hukaguliwa bure. Na wale watoto wa ng'ambo, fungu lao la akiba, hata likiwa dogo, lisipelekwe kwa mjomba. Liandikwe kwa jina la mwenyewe katika mudharaba ulio na hati, na kabla ya kuwauzia hisa walioko nchi za watu, aulizwe mwanasheria. Haya si makubwa. Bibi wa Richmond alianza na dola 31.

Kwa upande wetu, daftari la mapato na gharama za kupiga chapa waraka huu litakuwa juu ya meza ya darasa Ijumaa ijayo, baada ya Sala ya Alasiri. Kila aliyetoa, hata kama ni shilingi kumi, na aje alisome, na akiona kosa aliandike pembeni na atie jina lake.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.